Punye ya Mtoto na Sungura wa Uani

Mtoto anapofikishwa kituo cha afya akiwa na punye kichwani, utaratibu unajulikana. Tabibu hutazama kichwa, huandika dawa ya kupaka au vidonge vya griseofulvin, humwagiza mama amnyoe mtoto na asimchanganyie kitana na wenzake, kisha humwita mgonjwa anayefuata. Swali moja aghalabu halimfikii mama huyo: nyumbani kuna mnyama gani? Lingeulizwa, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha au Nairobi jibu lisingekuwa ng'ombe wala mbuzi. Lingekuwa paka, au mbwa, au sungura wawili watatu ndani ya banda la mbao na wavu lililoegemezwa ukuta wa uani.

Sungura huyu ana hadhi ya ajabu katika kaya za mjini. Si mfugo kamili, maana hakuna anayehesabu mapato yake. Wala hachukuliwi kama mwenzi wa nyumbani kwa namna paka anavyochukuliwa. Ni mnyama wa watoto. Wao ndio humkatia majani, humbeba kifuani, humwekea shavu mgongoni, na siku akifa humzika nyuma ya nyumba. Afisa mifugo apitapo mtaani huuliza habari za kuku na mbwa. Mhudumu wa afya huuliza habari za chandarua na chanjo. Sungura hubaki katikati, na ngozi yake, ambayo ndiyo sehemu inayogusana na mtoto kila siku, haimhusu yeyote. Uzembe huo una gharama mbili. Sungura hufa kwa dawa isiyokuwa yake, na mtoto hurudi kliniki na ugonjwa uleule.

Kabla ya kuzungumzia ugonjwa, yafaa kwanza kuondoa lisilo ugonjwa. Sungura hubadili manyoya. Katika nchi zenye majira ya baridi na joto yanayotofautiana sana, mabadiliko makubwa hutokea takribani mara mbili kwa mwaka, na kinachoyaongoza hasa ni urefu wa mchana. Karibu na ikweta mambo hayako wazi kiasi hicho. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja, na sungura anayelala chini ya taa ya umeme hupokea ishara zilizovurugika zaidi. Ndiyo maana mfugaji aliyesoma kijitabu cha Ulaya hushangaa kuona manyoya yakipukutika katika mwezi ambao kijitabu hakikuutaja, akadhani mnyama wake ni mgonjwa.

Kupukutika kwa kawaida kuna sura yake. Huanzia kichwani na shingoni, kukashuka mgongoni na kuishia ubavuni na tumboni, mara nyingine kukiwa na mstari dhahiri kati ya manyoya mapya na yale ya zamani. Ukiyafunua, ngozi iliyo chini ni safi, haina magamba wala vidonda, na manyoya mapya huonekana yakichomoza. Mnyama hajikuni. Anakula. Macho yake ni maangavu. Jike naye ana sababu yake nyingine: akikaribia kuzaa, mimba yake ikiwa na siku 30 hivi, hujing'oa manyoya ya kifuani na tumboni ili atandike kiota. Hata asiye na mimba huweza kufanya hivyo, mwili ukiwa umedanganyika kwa siku 16 hadi 18 kwamba unayo. Wako majike waliochomwa sindano, wakapakwa mafuta na kutengwa kama wenye ukoma, ilhali walichokuwa wakitafuta ni mahali pa kulalia watoto.

Hata hivyo, hata kupukutika kwa kawaida kwaweza kuua, na kunaulia tumboni. Sungura hujilamba kama paka, lakini tofauti na paka, hawezi kutapika. Kila unywele anaoumeza hauna njia nyingine ila kupitia utumbo mzima. Zamani ilisemwa kwamba donge la manyoya ndilo linaloziba tumbo. Siku hizi madaktari wengi wa wanyama wanaligeuza jambo hilo: utumbo unapodorora kwa kukosa nyuzi za majani, kwa maumivu au kwa hofu, ndipo manyoya yanaposhindwa kusonga na kugeuka donge. Sungura wa mjini anayelishwa pumba, mkate na mabaki ya ugali yuko hatarini zaidi ya yule wa kijijini mwenye nyasi mbele yake mchana kutwa. Wakati wa kubadili manyoya anahitaji nyasi bila kipimo, maji, na kuchanwa taratibu kila siku kwa kitana laini, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na huchanika upesi. Asiogeshwe. Sungura aliyeloweshwa maji hupata baridi na mshtuko, na kuna anayekufa kwa kuogeshwa tu. Na sungura ambaye hajala wala kunya tangu jana ni mgonjwa wa dharura, hata kama amekaa kimya pembeni kana kwamba anapumzika. Sungura wa hadithi hujinasua kwa maneno kila anaponaswa. Huyu wa bandani ni mnyama wa kuwindwa, na silika yake ni kuficha maumivu hadi yamzidie.

Ugonjwa wa kweli una sura nyingine. Ulio wa kawaida ni ule wa utitiri, na aina zake tatu hutambulika hata kwa jicho la mtu asiye mtaalamu akielekezwa mahali pa kutazama. Wa kwanza hukaa juu ya ngozi ya mgongo, hasa kati ya mabega, akiacha mba nyeupe ambayo ukiitazama kwa makini juu ya karatasi nyeusi huonekana kama inatembea. Wa pili hukaa masikioni na kujaza ukoko mzito wa rangi ya kahawia. Mnyama hutikisa kichwa na kujikuna mpaka damu. Ukoko huo usibanduliwe kwa kidole wala kijiti, maana chini yake kuna kidonda kibichi, na wenyewe huachia mdudu akishakufa. Wa tatu ni yule anayechimba ndani ya ngozi, ndugu wa mdudu wa upele wa binadamu. Huanzia puani, midomoni na kwenye kingo za masikio, kisha hushambulia vidole na nyayo. Sungura mwenye upele huu hukonda upesi, na asipotibiwa hufa.

Wa kwanza na wa tatu huweza kumwasha binadamu. Hawawezi kuendeleza kizazi chao kwenye ngozi ya mtu, lakini huacha vipele vinavyowasha mikononi, kifuani na tumboni, yaani pale mtoto anapomkumbatia mnyama. Upele wa mtu kwa mtu hupenda zaidi katikati ya vidole na viwiko vya mkono. Tabibu akiona muwasho wa tumboni na mikononi usio na njia za mdudu katikati ya vidole, na akasikia kwamba dawa ya upele imepakwa mara tatu bila mafanikio, ana sababu nzuri ya kuuliza habari za banda la uani. Mtoto huyo haihitaji dawa ya nne. Anayehitaji kutibiwa ni sungura.

Kutibiwa, lakini kwa nini? Hapa ndipo penye msiba mkubwa. Dawa ya kwanza inayotajwa mitaani ni oili chafu ya gari, ikifuatiwa na mafuta ya taa. Ni kweli kwamba oili humziba pumzi mdudu wa juu ya ngozi. Ni kweli vilevile kwamba sungura hujilamba, na kila anachopakwa hukimeza, pamoja na mabaki ya metali yaliyomo katika oili iliyokwisha kutumika. Na mtoto anayembeba hujipaka oili hiyohiyo mikononi na usoni. Mafuta ya taa huunguza ngozi nyembamba kama hiyo hadi ikachubuka. Dawa ya pili ni ile ya kunyunyizia viroboto vya mbwa. Zile zenye fipronili, ambazo mbwa na paka huzivumilia vizuri, humtia sungura degedege na kumuua, na watengenezaji wenyewe wameandika kwenye maelekezo kwamba asipewe. Ya tatu hutoka kwenye kabati la nyumbani: vidonge vya amoksilini vilivyobaki baada ya mtu kuugua. Antibiotiki za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wema wa utumboni, wale wanaomsagia majani, na kuwaachia nafasi wenye sumu. Baada ya siku chache za kuharisha, mnyama hufa, na mwenyewe husema upele ndio uliomwua.

Dawa sahihi ya utitiri ipo, na jina lake si geni masikioni mwa Watanzania. Ni ivermectin, ileile ambayo watu wa Mahenge wamekuwa wakimeza kwa ajili ya usubi na watu wa pwani kwa ajili ya matende. Asili yake ni bakteria aliyeokotwa katika udongo wa Japani. Satoshi Ōmura aliyemtenga na William Campbell aliyeongoza kazi ya kumgeuza kuwa dawa walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck ilipotangaza mwaka 1987 kwamba ingeitoa bure kwa ajili ya usubi, dawa hiyo ilikuwa tayari imekwisha kuwatumikia mifugo kwa miaka kadhaa. Si dawa ya ajabu wala ya hatari ikitumika kwa kipimo.

Kipimo ndicho tatizo. Dawa ya sindano iliyo katika maduka ya mifugo imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, na kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita. Sungura wa kilo 2, akipewa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake, anahitaji miligramu 0.4, yaani mililita 0.04. Kiasi hicho hakifiki hata tone moja la kawaida. Muuzaji akichota mililita 0.5 kwa bomba alilozoea, kwa nia njema ya kumponya upesi, amempa zaidi ya mara 12 ya alichostahili. Tena dawa haiui mayai ya utitiri, hivyo sindano moja haitoshi. Hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, na wenzake wote wa bandani hutibiwa pamoja naye. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo mwenye mizani na bomba dogo. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi sungura wa watoto huishia siku moja kuwa kitoweo cha wageni, ni lazima daktari huyo aulizwe pia nyama italiwa lini baada ya dawa. Swali hilo la mwisho wengi huona aibu kuliuliza, kwa sababu watoto wanasikiliza.

Utitiri husumbua, lakini choa ndicho kinachopaswa kuwashughulisha zaidi wanaotibu watu. Kwa sungura, choa husababishwa mara nyingi na vimelea vya fangasi viitwavyo Trichophyton mentagrophytes. Manyoya hukatika usoni, masikioni na miguuni, ngozi ikawa nyekundu yenye magamba. Hiyo ndiyo sura ya wazi. Sura ya siri ni mbaya zaidi: sungura mwenye manyoya mazuri kabisa, asiyejikuna, huweza kubeba mbegu za fangasi kwenye manyoya yake na kuwagawia wanaomshika. Mbegu hizo hukaa kwenye mbao za banda, kitana na matandiko kwa miezi mingi zikiwa hai.

Fangasi itokayo kwa mnyama huipokea ngozi ya binadamu kwa ugomvi. Mwili hauijui, nao hupambana nayo kwa nguvu. Kichwani mwa mtoto hutokea uvimbe laini, wenye maumivu, unaotoa usaha, nywele zikichomoka kwa urahisi, na tezi za nyuma ya shingo zikavimba. Asiyeuona kabla huuita jipu. Huupasua, hukuta hakuna usaha wa maana wa kutoa, huandika antibiotiki, na baada ya wiki mbili huona hali imezidi. Fangasi haijaguswa. Mahali pa kisu hubaki kovu lisiloota nywele, na kwa mtoto wa kike kovu hilo ni jambo la kudumu. Uvimbe wa namna hii huhitaji dawa ya fangasi ya kumeza kwa wiki 6 hadi 8, na griseofulvin inyonywe vizuri mwilini inapaswa kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Hauhitaji kisu. Vilevile hauhitaji zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa bila cheti, ambazo hutuliza wekundu kwa siku chache huku fangasi ikijitanua chini yake.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Magamba kidogo na vishina vya nywele, tone la potasiamu haidroksidi na hadubini ileile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria vyatosha kuonyesha nyuzi za fangasi. Taa ya urujuanimno, ambayo baadhi ya kliniki za ngozi huitegemea, haisaidii hapa, kwa sababu vimelea hivi having'ai chini yake. Taa kukosa kung'aa si uthibitisho kwamba mtoto hana choa.

Haki inataka jambo moja lisemwe waziwazi. Punye nyingi za watoto wa shule katika Afrika Mashariki hazitoki kwa wanyama. Hutoka kwa watoto wenzao, kwa kofia, vitana na mashine za kunyolea, na husababishwa na fangasi zilizokwisha kuzoea ngozi ya binadamu. Kumsingizia sungura kila punye ni kosa sawa na kumsahau. Lakini punye ya mtoto mmoja tu katika nyumba, yenye uvimbe na usaha, au choa cha mkononi na shingoni kisichokoma licha ya dawa kumezwa ipasavyo, ni habari nyingine, na swali la mnyama hapo ni sehemu ya uchunguzi kamili.

Watakaopinga watasema tabibu hana muda. Foleni ni ndefu, na kuulizia sungura kwaonekana kama mchezo palipo na malaria na nimonia. Hoja hii ina uzito, lakini inahesabu upande mmoja tu. Swali lenyewe huchukua sekunde chache. Mtoto anayerudi mara nne kwa tatizo lilelile huchukua nafasi nne katika foleni hiyohiyo, na mama yake hulipa nauli nne. Wengine watasema dawa iliyo rahisi ni kumchinja sungura. Kumchinja hakuondoi mbegu zilizobaki bandani, na kumchinja mnyama aliyekuwa tu akibadili manyoya hakutibu chochote. Kuna lingine lisilotajwa: mtoto anayejua kwamba akisema anawashwa sungura wake atachinjwa, atanyamaza.

Tanzania ina Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na vyuo vya tiba ya binadamu na vya tiba ya mifugo husema lugha moja inapofika zamu ya kichaa cha mbwa, kimeta au homa ya Bonde la Ufa. Hayo ni magonjwa makubwa na yanastahili. Lakini mwanafunzi wa udaktari hatakutana na kimeta kila wiki. Atakutana na ngozi ya mtoto kila siku. Lau mafunzo ya Afya Moja yangeanzia hapo, kwenye choa na upele, angejifunza mapema kuulizia wanyama, na siku ya kimeta swali lingekuwa limekwisha kuwa mazoea. Kadhalika upande wa pili: mwenye duka la dawa za mifugo anayeombwa dawa ya upele wa sungura ana nafasi ambayo daktari wa watoto hana. Yeye anaweza kuuliza kama kuna mtu nyumbani anayejikuna, na kumwelekeza kituoni.

Nyumbani kazi ni ya mikono tu. Sungura na mtoto watibiwe wakati mmoja, si mmoja baada ya mwingine. Matandiko ya zamani yachomwe moto. Banda lisuguliwe kwa sabuni kwanza, kisha lipakwe klorini ya kufulia iliyozimuliwa kwa maji, sehemu moja kwa kumi, na liachwe likauke juani huku mnyama akiwa kivulini mahali pengine. Anayemhudumia awe mtu mzima, mwenye mikono mirefu ya shati na sabuni karibu, na watoto waahirishe kumkumbatia mpaka daktari wa mifugo aseme amepona. Kwenye kadi ya mtoto, chini ya jina la dawa, pana nafasi ya kutosha tabibu kuandika mstari mmoja zaidi: sungura wawili nyumbani, waonwe na daktari wa mifugo kabla ya tarehe ya kurudi.